Namna ya kuongoza kipindi cha Tamari katika jumuiya

Kisa cha Tamari binti Daudi kimo katika 2 Samweli 13:1-22. Ni mistari 22 tu, lakini muumini anaweza kubatizwa, kufunga ndoa na kuzikwa bila kukisikia hata siku moja kikisomwa kanisani. Ni habari ya binti wa mfalme aliyebakwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja, ndani ya nyumba, kwa mpango uliosukwa na binamu yao Yonadabu na kupitishwa na baba ambaye hakujua alichokuwa anakipitisha. Watu wakikisoma pamoja kwa utaratibu unaofaa, huanza kutaja mambo ambayo ukoo na kanisa wameyafunika kwa miaka mingi. Wakikisoma bila utaratibu, mwenye jeraha huondoka akiwa ameumia zaidi ya alivyokuja. Kwa hiyo utaratibu ndio tutakaoueleza hapa, pamoja na sababu zake.

Njia yenyewe huitwa usomaji wa Biblia kimuktadha. Ilikuzwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na Gerald West, mwanazuoni wa Biblia wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, akishirikiana na wenzake na vikundi vya watu wa kawaida: wafanyakazi, vijana wasio na ajira, akina mama wa makanisa ya vitongojini. Kituo chao kinaitwa Ujamaa Centre, na jina hilo walilichukua kutoka kwenye Kiswahili na kwenye ujamaa wa Mwalimu Nyerere. Kipindi cha Tamari walianza kukiendesha katika miaka ya 1990, kikakua hadi kuwa Kampeni ya Tamari, na katikati ya miaka ya 2000 kampeni hiyo ikashika mizizi Kenya kupitia FECCLAHA, ushirika wa mabaraza ya makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika wenye makao yake Nairobi. Nyuma ya njia hii kuna ile kanuni ya Ona, Amua, Tenda ya Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyefanya kazi na vijana wa viwandani, ambayo jumuiya nyingi za Afrika Mashariki zinaijua.

Tofauti na mahubiri ni hii: mwezeshaji haji na jibu. Anakuja na maswali 8 yaliyopangwa, na kazi yake ni kuulinda mpangilio huo. Tofauti na Hatua Saba za Injili, ambazo jumuiya nyingi huzitumia kila wiki, ni kwamba hapa hatusomi ili kila mmoja achague neno lililomgusa na kusali nalo. Tunasoma ili kuona nani alifanya nini, nani alinyamaza, na mlango ulifungwa na nani. Mwezeshaji aliyezoea Hatua Saba aiweke tofauti hiyo kichwani tangu mwanzo, la sivyo kikundi kitamalizia kwenye sala kabla hakijamaliza kuona.

Kwanza, tengeneza njia ya msaada

Usitangaze tarehe kabla ya kukamilisha sehemu hii. Katika kikundi cha watu 20, ichukulie kwamba wamo waliotendewa ukatili, na inawezekana pia aliyeutenda yumo. Swali la 5, linalouliza habari za akina Tamari wa jamii yetu, litawafikia wote.

Tafuta watu 2 wa kusikiliza, mmoja wao awe mwanamke. Mshauri nasaha aliyesomea, muuguzi, au afisa ustawi wa jamii ndiye anayefaa. Mzee wa kanisa mwenye moyo mwema lakini asiyejua kutunza siri hafai, hata kama kila mtu anampenda. Hawa wawili wasishiriki kwenye majadiliano. Wakae karibu na mlango, na wawe na chumba cha pili chenye viti, maji na karatasi laini za kufutia machozi. Anayetoka nje afuatwe na mmoja wao, si na umati.

Kisha andika kwenye karatasi moja huduma zilizopo katika eneo lenu. Nenda mwenyewe ukahakikishe, usinakili orodha ya zamani. Kwa Tanzania: Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, jina la afisa wa zamu na siku anazopatikana, hospitali au kituo cha Mkono kwa Mkono kinachohudumia manusura, afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, na simu ya watoto 116, ambayo ni bure. Kwa Kenya, namba 116 ya watoto inafanya kazi pia, na ipo 1195 ya ukatili wa kijinsia. Ulizia fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari: Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Jua zinatolewa wapi na saa ngapi, kwa sababu manusura aliyezungushwa mara mbili hatarudi mara ya tatu.

Mwezeshaji lazima ajue saa hizi kwa moyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120, nayo pia ikiwahi ni bora. Aliyebakwa asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana unyevu ukinaswa ndani huharibu ushahidi. Mambo haya yasemwe kwa sauti siku ya kipindi, hata kama hakuna aliyeuliza. Yupo anayehitaji kuyasikia bila kujulikana kwamba anayahitaji.

Jambo la mwisho katika maandalizi ni umri. Kipindi hiki ni cha watu wazima. Watoto wafanyiwe kipindi chao, na watu waliofunzwa kuzungumza na watoto. Na usimwahidi mtu siri isiyo na mipaka: habari ikihusu mtoto aliye hatarini, lazima ifike kwa ustawi wa jamii au polisi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeufanya kuwa wajibu wa kila mwanajamii kutoa taarifa. Liseme hilo mwanzoni kabisa, kabla mtu hajafungua kinywa, ili asije akaona amesalitiwa.

Chumba, watu na karatasi

Watu 18 hadi 24 wanatosha. Chini ya 10, kila mtu anajulikana sana na swali la 5 linakuwa zito. Zaidi ya 30, mrejesho unachosha na watu wa nyuma wanaanza kuzungumza yao. Gawa vikundi vya watu 5 au 6, wanawake peke yao, wanaume peke yao, na ikiwezekana mabinti wasikae kikundi kimoja na mama wakwe zao. Watu wakichanganywa, wanaume hujikuta wakijibu maswali yanayohusu wanawake huku wanawake wakitazama sakafu.

Kwa watu 24 andaa karatasi 12 za bango kitita, maka peni 8, na nakala 24 za kifungu. Chapa kifungu kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14, mistari ikiwa na namba zake, na maswali yasiwekwe kwenye ukurasa huo. Ondoa kichwa cha habari ambacho wachapishaji wa Biblia huweka juu ya sura. Vichwa hivyo si sehemu ya andiko, na mara nyingi humwambia msomaji kisa kinamhusu nani kabla hajasoma. Kama wapo wasiosoma, kifungu kisomwe mara 2, polepole, na wasomaji wawili tofauti.

Beba tafsiri mbili. Biblia ya Union inatumia neno zito la zamani, kutenza nguvu, ambalo kijana wa leo anaweza kulipita bila kuelewa kwamba ni kubaka. Tafsiri ya lugha ya siku hizi itasaidia hapo. Lakini usianze wewe kutamka neno kubaka. Subiri kikundi kilitamke chenyewe katika swali la 1, na likitamkwa liandike kwa herufi kubwa.

Muda wake ni saa 3 na nusu pamoja na chai. Mkiwa na muda mfupi zaidi, kama ilivyo kwa jumuiya nyingi, fanyeni siku mbili: siku ya kwanza maswali 1 hadi 4, siku ya pili someni tena kifungu na kuendelea na 5 hadi 8. Msikate katikati ya swali la 5 na la 6. Kuwaacha watu na simulizi za maumivu wiki nzima bila kuwaambia pa kwenda kutafuta msaada ni kosa, na hutokea mara nyingi kwa sababu tu saa zimeisha.

Maswali

1. Kisa hiki kinahusu nini?
2. Ni nani waliomo katika kisa hiki, na tunajua nini juu ya kila mmoja?
3. Kila mwanamume aliyemo alichangia nini katika kubakwa kwa Tamari?
4. Tamari alifanya nini na kusema nini, tangu mwanzo hadi mwisho?
5. Je, wako akina Tamari katika jamii yetu? Habari zao zikoje?
6. Kisa hiki kinaliambia nini kanisa letu?
7. Katika eneo letu, manusura anaweza kupata msaada wapi?
8. Sasa sisi tutafanya nini?

Mpangilio huu ndio njia yenyewe. Swali la 1 ni la jamii: kila jibu linapokelewa na kuandikwa kama lilivyosemwa, bila kusahihishwa. Dakika 10 zinatosha. Mama aliyesema kinahusu aibu na kijana aliyesema kinahusu tamaa wote wanaona maneno yao ukutani, na kuanzia hapo wanajua kikao ni chao. Maswali ya 2, 3 na 4 yanawarudisha kwenye andiko na kuwapunguzia kasi. Ya 5 hadi 8 yanawatoa kwenye andiko na kuwarudisha nyumbani kwao, lakini sasa wakiwa na macho mengine. Ukilileta swali la 5 mwanzoni, watu watasimulia visa na kulia, kisha watafungua Biblia kutafuta faraja. Ukiliondoa kabisa, mmefanya somo la historia ya Israeli.

Swali la 2 lifanywe na watu wawili wawili waliokaa jirani, dakika 15 hadi 20. Sisitiza kila wanachosema kionyeshwe mstari wake. Hapa swali la mwezeshaji ni moja tu, nalo litarudi mchana kutwa: umeona katika mstari gani?

Swali la 3 na la 4 kwa karibu

Hapa ndipo penye kazi. Wape vikundi dakika 40 kwa maswali haya mawili na dakika 25 za mrejesho, wala usizipunguze.

Kwenye swali la 3, karibu kila kikundi kitamtaja Amnoni, wengi watamtaja Yonadabu, wengine watamtaja Absalomu, kaka yake Tamari wa baba na mama mmoja. Daudi huchelewa kutajwa, na watumishi husahaulika kabisa. Usiwatajie. Uliza tu: katika mstari wa 7, nani alimtuma Tamari? Katika mstari wa 9, nani walitoka chumbani? Katika mstari wa 17 na 18, mlango ulifungwa na mkono wa nani? Wakiitafuta mistari hiyo wenyewe, chumba hubadilika. Wanaona kwamba uovu huu haukuwa wa mtu mmoja mwenye tamaa. Yonadabu alitoa akili, mfalme alitoa amri, watumishi walitoa faragha, mmoja wao akakaza komeo, na Absalomu akaja mwisho na kumwambia dada yake anyamaze kwa kuwa mtendaji ni ndugu yake. Mstari wa 21 unasema Daudi alikasirika sana. Simulizi haielezi hatua yoyote aliyoichukua, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inaongeza kwamba hakumwadhibu Amnoni kwa sababu alimpenda, akiwa mzaliwa wake wa kwanza. Habari hiyo ya Kigiriki mwezeshaji anaweza kuitoa, lakini baada ya kikundi kuuliza chenyewe kwa nini baba alikasirika na kuishia hapo.

Kwa kikundi kinachopenda kuchora, wape karatasi wachore nyumba ya Amnoni: kitanda kiko wapi, jiko liko wapi, mlango uko wapi, nani amesimama wapi. Mchoro hufanya kazi ambayo maneno hayafanyi, hasa kwa wasioandika.

Kwenye swali la 4, wape kazi ya kuhesabu. Mistari ya 8 na 9 inaorodhesha vitendo vya mikono ya Tamari kimoja kimoja: anachukua unga, anaukanda, anafanya mikate mbele ya macho ya Amnoni, anaioka, anachukua kikaango, anampakulia. Anamhudumia mgonjwa. Kisha waorodheshe hoja zake katika mstari wa 12 na 13. Anakataa waziwazi. Anasema jambo hili halitendeki katika Israeli. Anauliza aibu yake ataipeleka wapi. Anamwonya Amnoni kwamba naye atahesabiwa miongoni mwa wapumbavu. Anatoa njia nyingine: zungumza na mfalme. Hizo ni hoja 5 za mtu aliyeshikwa kwa nguvu. Anayemwona Tamari kama binti mnyonge asiye na sauti, azisome tena.

Baada ya kitendo, katika mstari wa 15, Amnoni anamfukuza. Kwa Kiebrania amri hiyo ni maneno mawili tu: simama, nenda. Tamari anamjibu tena katika mstari wa 16, kwamba kumfukuza ni uovu mkubwa kuliko ule wa kwanza. Na katika mstari wa 17 Amnoni hamtaji hata kwa jina. Katika Kiebrania anasema kama mtu anayetaka kitu fulani kitolewe nje. Tamari anatia majivu kichwani, analirarua vazi lake refu, anaweka mkono kichwani na kwenda akilia kwa sauti. Hakujificha. Alikitangaza alichotendewa kwa ishara ambazo kila mtu mjini alizijua. Kwa hiyo kikundi kikisema alinyamaza, rudisha swali: alinyamaza, au alinyamazishwa? Mstari gani?

Kuna wawezeshaji wanaoongeza swali la Mungu yuko wapi katika kisa hiki. Ni swali zuri na gumu, maana katika mistari hii 22 msimulizi hamtaji Mungu hata mara moja. Tunashauri liulizwe tu kwa kikundi chenye muda na mwezeshaji mzoefu. Kwa haraka, watu hulijibu kwa maneno ya kufunika: Mungu alikuwa anamjaribu, Mungu ana makusudi. Manusura aliyepo chumbani atayabeba maneno hayo kwenda nayo kwake.

Swali la 5: sheria tatu

Kabla halijaulizwa, taja sheria tatu na uziandike. Hakuna jina la mtu wala la kijiji. Kila habari isimuliwe kama ya mtu fulani, hata kama ni ya msimulizi mwenyewe. Na katika mrejesho vikundi havisimulii visa. Vinataja tu mambo yaliyojirudia, kwa mfano kwamba mtendaji alikuwa ndugu, au kwamba ukoo ulikaa kikao na kupokea faini. Visa vyenyewe haviandikwi kwenye karatasi yoyote.

Mwezeshaji asimbane mtu aliyenyamaza. Kunyamaza hapa ni haki.

Kipindi cha wanaume

Kifungu hiki hiki kinafaa kikundi cha wanaume peke yao, ila mwanga unaelekezwa kwa Amnoni. Baada ya maswali ya 1 na 2, uliza: Mwanzoni, ni nini kilichomzuia Amnoni asifanye alichotaka? Ni nini kilichomwezesha baadaye? Tamari anamwambia mwanamume wa kweli katika Israeli hafanyi nini? Sisi tulifundishwa na nani maana ya kuwa mwanamume? Ni rafiki gani angekuwa tofauti na Yonadabu?

Swali la mwisho ndilo linalowafikia zaidi. Mwanaume anaweza kukataa kwamba yeye ni Amnoni, na pengine ni kweli. Ni wachache wanaoweza kusema hawajawahi kuwa Yonadabu, yule anayemwuliza mwenzake mbona unakonda kila siku, kisha anamfundisha ujanja. Neno kupenda katika mstari wa 1 nalo lijadiliwe taratibu, pamoja na mstari wa 15 unaosema chuki yake ilizidi ule upendo aliokuwa nao.

Yanayoharibu kipindi

Mchungaji au padre akiwemo, macho yote humgeukia. Zungumza naye mapema: afungue kwa sala, kisha akae kikundini kama mwanakikundi, asiwe mwandishi wala msemaji. Kama hawezi kunyamaza, ni bora afungue na kuondoka, arudi kwenye swali la 8, ambapo mamlaka yake yatahitajika.

Mtu atauliza: kwa nini Tamari alikubali kwenda chumbani? Usibishane naye, na usimwaibishe. Mwombe asome mstari wa 7 kwa sauti. Aliagizwa na baba yake, ambaye pia ni mfalme, akampikie kaka yake mgonjwa. Jibu likitoka kwenye Biblia aliyoishika mwenyewe, lina nguvu kuliko hotuba yako.

Mwingine atasema Shetani alimwingia Amnoni. Katika mistari hii Shetani hatajwi. Rudi kwenye karatasi ya swali la 3, kwenye ile orodha ya majina.

Vijana hupenda kurukia mstari wa 23 na kuendelea, ambako baada ya miaka 2 Absalomu anamwua Amnoni, na kumfanya Absalomu shujaa. Waulize: katika miaka hiyo 2 Tamari alikuwa wapi, na nani alimwuliza anataka nini? Mstari wa 20 unasema alikaa katika hali ya ukiwa nyumbani mwa Absalomu.

Linaloharibu zaidi ni wazo la kuyamaliza nyumbani. Mzee mmoja mwenye heshima atasema kwamba mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo, mbuzi atolewe, watu wasameheane. Hapo mwezeshaji anaruhusiwa kuacha maswali na kusema wazi. Ubakaji ni kosa la jinai. Kwa Tanzania Bara, kifungo chake si chini ya miaka 30 na kinaweza kuwa cha maisha. Kwa Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inaanzia miaka 10 hadi maisha. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kulifuta. Na msamaha, kama utakuja, ni wa aliyetendewa kuutoa kwa wakati wake. Hauagizwi na kamati.

Kutoka ukutani hadi kwenye kalenda

Swali la 7 lijibiwe kwanza na watu wenyewe, kisha toa ile karatasi ya huduma. Linganisha. Mara nyingi watataja mchungaji na bibi, na hakuna atakayetaja Dawati la Jinsia. Hapo umeshapata kazi ya kwanza ya swali la 8.

Kwenye swali la 8 kataa sentensi zisizo na mtu wala tarehe. Tutatoa elimu si mpango. Mpango unasomeka hivi: mama mwenyekiti na wazee 2 wataenda Dawati la Jinsia Jumanne ijayo, wamwombe afisa aje kwenye jumuiya mwezi huu. Au: katibu ataandika namba 116 na jina la mshauri kwenye ubao wa matangazo wa kanisa na ndani ya milango ya vyoo vya wanawake kabla ya Jumapili. Milango ya vyoo ina sababu yake: pale mtu anaweza kunakili namba bila kuonekana. Au: baraza la wazee litakubaliana kwa maandishi kwamba tuhuma ya ubakaji dhidi ya kiongozi yeyote inakwenda polisi, na kiongozi huyo anasimama kazi wakati uchunguzi unaendelea. Mipango 2 inayotekelezeka inatosha. Ikizidi 4, hakuna utakaofanyika.

Mkitaka kukirudia kipindi hiki kila mwaka, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, ni wakati mzuri, kwa sababu polisi na ustawi wa jamii nao huwa kwenye kampeni na ni rahisi kuwapata.

Funga kwa sala fupi au wimbo ambao wote wanaujua, dakika 10. Karatasi za maswali ya 1 hadi 4 zinaweza kubaki ukutani wiki moja. Ya swali la 8 apewe katibu. Wasikilizaji wabaki ukumbini nusu saa baada ya watu kutawanyika, wakikunja viti na kukusanya vikombe, maana mwenye jambo zito mara nyingi hujifanya amesahau mtandio na kurudi. Kesho yake, msikilizaji ampigie simu kila aliyetoka nje wakati wa kipindi, na amwulize kwanza kama yuko mahali anapoweza kuzungumza.